Armonika ya Shemeji Dady

Ninaandikia wamama wenye kuishi na shemeji nyumba moja, na zaidi wale wenye shemeji anajua kuchekesha watu.

Dady ni mudogo wa bwana yangu. Alifika kwetu Kasongo na pikipiki, akitokea Kalemie kwa njia ya Kabambare, na kifuko kimoja mugongoni na armonika, kinanda ya mudomo, ndani ya mufuko wa shati. Alikuwa amekonda. Tukasema ni barabara, maana mutu akipita matope ya Wamaza wakati wa mvua, huku anafika mifupa tu.

Kwetu, ndugu ya bwana anakuita bibi yake, kama mke wake, ni utani, na wewe unamutukana vile unataka, hakuna mwenye kukasirika. Siku ya kwanza tu alianza.

"Bibi yangu, mbona wewe umenenepa na mimi nimekonda? Kaka anakupa chakula yangu?"

"Umekonda juu ya uvivu. Jembe iko pale kwa mulango."

Nyumba ikajaa kicheko. Tangu bwana yangu alipoteza kazi, hatukuwa tumecheka vile.

Binti yangu wa kwanza, Plamedi, alikuwa amemaliza masomo ya sekondari na alikaa tu nyumbani. Aliposikia ile armonika, aliacha sombe, majani ya muhogo, ndani ya kinu. Dady alikuwa anapiga muziki yenye kuitwa bluzi, muziki ya Weusi wa Amerika, wajukuu wa watu waliouzwa. Jirani yetu Mounira alisimama kwenye lupango, uzio wa nyumba yake, akauliza kwa sauti, "Mama Plamedi, nani amekufa kwenu?"

"Hakuna, Mama," Dady akamujibu. "Ni njaa tu inaimba."

Akaanza kumufundisha Plamedi. Mutoto alipuliza nyimbo za kanisa, akafikiri anajua. Dady akamwambia, "Unapuliza sana. Bluzi iko ndani ya kuvuta." Akamuonyesha kama kila tundu inatoa sauti moja ukipuliza, ingine ukivuta pumuzi, na tundu ya ine, ukiivuta na kupanga ulimi na koo vizuri, sauti yake inashuka chini yenyewe. Hiyo kushuka ndiyo bluzi. Mutu asiyeijua, anapiga kelele tu.

Kwa Plamedi sauti ilikataa kushuka. Ilitoka kama bata yenye kukabwa, na wadogo zake wakamupa jina Mama Bata. Hakuacha. Alikuwa anavuta njiani kwenda kisima, anavuta akichunga muhogo juani ili mbuzi isikule. Mudomo ulimuvimba, akapaka mawese, akaendelea. Halafu siku ya Mungu moja, tumetoka kanisani, ninachekecha unga, nikasikia sauti inashuka polepole, kama mutu muchofu anakaa kwenye kiti. Nikasimamisha chekecheo. Plamedi akatoka mbio, armonika mukononi, "Mama, umesikia? Umesikia?" Nilikuwa nimesikia. Siwezi kudanganya, ilinifurahisha kabisa.

Kutoka pale alikua haraka. Alijifunza kufunika armonika na viganja, kufungua na kufunga, mpaka ikaongea kama mutu. Alijifunza kuimba mustari moja, kisha armonika inamujibu. Wanawake wenye kurudi sokoni walikuwa wanatua mizigo kwetu, wakisikiliza.

Lakini masomo ilikuwa chumbani mwa Dady, na dirisha ya kufungwa. "Upepo inaharibu sauti," alisema. Mimi nitajuaje mambo ya armonika? Nikaamini.

Na alikuwa anakohoa. Siku moja tunakula, nikamuuliza, "Shemeji, hii kikohozi ni ya nini?"

"Ni tebe, bibi yangu." Tebe ni kifua kikuu. Alisema na sombe mudomoni, akanikonyeza. "Nikikufa, usiolewe mbio mbio."

"Tebe itakukataa! Haitapata nyama kwako."

Wote tulicheka, bwana yangu akamwaga maji juu ya bugali. Na vile utani iko, neno haliulizwi mara mbili. Mwenye kurudia swali ameharibu muchezo, wataanza kusema ana roho mubaya na ndugu za bwana. Sikurudia.

Mvua ilipoisha, Plamedi alikuwa amemupita mwalimu wake. Nilisikia ukutani. Wanavuta sauti moja ndefu, kila mutu kwa zamu. Ya Plamedi inafika mwisho. Ya Dady inakatika katikati, anakohoa. "Umenipita, mwanangu," akamwambia, na alikuwa anafurahi kweli.

Halafu Plamedi akaanza kutoka jasho alfajiri. Akakonda. Nilisema ni malaria, dawa ya malaria ikashindwa. Akaanza kukohoa. Hospitalini wakapima makohozi, wakakuta tebe, na muganga Véronique akanivuta pembeni.

"Mama, nyumbani nani mwingine anakohoa?"

Nikataja shemeji, halafu nikamuuliza. "Wanatumia armonika moja. Ni ile chuma imemupa ugonjwa?"

"Chuma si sana, Mama. Ni pumuzi ndani ya chumba ya kufungwa. Wangekaa inje tu, kwa hewa."

Nilimukuta Dady nyuma ya nyumba, amekaa na bwana yangu.

"Dady, ulijua?"

Akaangalia miguu yake. "Kule Kalemie walinipa dawa. Nikajisikia muzuri, nikaacha."

"Na hukusema!"

"Nilisema, bibi yangu. Wewe ulicheka."

"Usiniite bibi yako!"

"Ningelala wapi? Nani angenipokea?" Asubui Dady alipanda pikipiki ya kwenda Kabambare, hata hospitalini hakupita. Ninyi wamama wa Wamaza na Kabambare, kama mutu wa kukonda, wa kuchekesha, amefika kwenu, mufungue madirisha, mumupeleke kwa waganga. Mwenye kukunywa dawa mpaka mwisho anapona, mimi simukatazi kupona.

Armonika aliiachia Plamedi. Nilikaa karibu ya kitanda yake, nikilia, nikimutukana Dady na ukoo wake wote. Plamedi akanishika mukono.

"Mama, usimutukane peke yake. Mimi nilijua."

Alikuwa ameona damu kwenye kitambaa ya Dady. Dady alimuomba anyamaze, akamwambia kama mama yako anajua, masomo imeisha.

"Na ukanyamaza? Na wadogo zako wanalala nyumba ile ile?"

"Sauti ilikuwa karibu kukuja, Mama. Nilisema niipate kwanza."

Wadogo zake walipimwa, Mungu asifiwe, hawana kitu. Lakini lile neno limebaki ndani yangu. Dady alikuwa mugeni, anatafuta pa kulala. Huyu nilimuzaa mimi.

Kwa hiyo ninawaambia: ukiuliza mutu juu ya ugonjwa, utani iwekwe kando, umuulize mara mbili, mara kumi, hata wakuite mubaya. Na mutoto mwenye kupenda kitu sana, umuulize naye.

Sasa Plamedi anakunywa dawa. Muganga amemuruhusu kupiga, lakini inje, mbali na watu. Anapiga karibu ya shamba ya muhogo, na anapiga vizuri kuliko Dady, hata Mounira hasemi tena juu ya matanga. Akimaliza, ninamuuliza kama amekohoa. "Hapana, Mama," ananijibu, akiniangalia machoni, na sauti ya upole ile ile alikuwa ananijibu nayo wakati ule wote wa kunificha. Kila asubui anameza dawa mbele yangu, halafu ninamwambia afungue mudomo, niangalie chini ya ulimi. Mwanamuke muzima. Anafungua, ninaangalia.