Sauti ya Nasambu Haiazimwi

Muhula wa pili mwaka 2006, Mwalimu Fridah aliwapeleka wanafunzi wake wa darasa la sita kutoka Bumula hadi Kitale kuona maonyesho ya nyimbo za zamani katika Hifadhi ya Sanaa na Utamaduni. Wanafunzi walikuwa wamemaliza mikate yao kabla hata ya kufika Bungoma mjini. Kwenye meza ya katikati Fridah alivaa hedifoni, akasikia msichana akisema, "Naitwa Nasambu, wa Bumula," kisha msichana huyo akaanza kuimba wimbo wa kupalilia wimbi.

Nasambu alikuwa mamake Fridah, na hakuwa amewahi kumsemesha bintiye hata neno moja.

Jambo lenyewe halikuwa siri pale nyumbani. Kabla Nasambu hajaolewa, mtafiti mmoja alikuja na mashine, akamrekodi, akamshukuru, akaondoka na sauti yake. Majirani walidhani angeirudisha akishamaliza kitabu. Wabwile, babake Fridah, alimwoa hivyo hivyo. Katika ndoa yao waliongea kwa makofi: mawili chakula kiko tayari, mengi ng'ombe wameingia mahindini, moja nimesikia.

Wabwile sasa alikuwa mgonjwa, hatoki kitandani. Fridah alipomweleza kwamba sauti imepatikana, alifikiri kidogo.

"Aniite tu jina," akasema. "Mara moja. Nijue linasikika namna gani akiniita yeye."

Jumatatu mama na binti walipanda Kitale. Dkt. Kiplagat, mkurugenzi wa Hifadhi, aliwakaribisha vizuri na kuwaagizia chai. Alisema visa kama hivyo vipo. Kulikuwa na mzee wa Cheptais ambaye kivuli chake kilibaki kwenye picha aliyopigwa na mkoloni, na Hifadhi ilielewana naye vizuri sana.

Aliwapeleka chumba cha wasomaji, akauweka mkanda kwenye mashine. Sauti ikamrudia Nasambu kooni. Ilikuwa bado ya msichana.

"Wewe Fridah," akasema Nasambu, "umekonda. Unakula kweli?"

Fridah alilia, kisha akaomba ruhusa ya kuipeleka sauti nyumbani.

"Haiazimwi, mama," Dkt. Kiplagat alimwambia Nasambu. "Hii ni mali ya taifa. Inataka chumba chenye baridi. Lakini mlango uko wazi, uje uitumie hapa siku za kazi, kama msomaji mwingine yeyote."

"Lakini Daktari, si ni yake?" Fridah aliuliza.

"Si ndiyo maana tumeitunza? Ingekaa kwenu, saa hii ingekuwa imeliwa na mchwa."

"Baba anataka kuisikia, na hawezi kusafiri."

"Basi aandike maombi. Bodi inakutana Novemba."

Mkanda ulipotolewa kwenye mashine, Nasambu alikuwa katikati ya kuuliza Novemba ni lini. Sentensi yake ilibaki Kitale.

Wabwile alifariki Septemba.

Siku ya mazishi, gari lililobeba maiti halikwenda Bumula moja kwa moja. Lilipanda Kitale kwanza. Askari wa langoni alieleza kwamba mabegi, vyakula na kalamu za wino haviruhusiwi ndani. Jeneza halikuwa limetajwa, kwa hiyo likapita. Wana wa Wabwile wakaliweka kwenye meza ndefu ya wasomaji. Joy, mtafiti kutoka chuo kikuu, alisogeza karatasi zake kuwapa nafasi na kusema pole.

Mkanda ukawekwa.

"Wabwile," Nasambu aliita.

Hata yeye hakuwa amewahi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

"Wabwile. Ulikuwa unachelewa sana sokoni. Nilikuwa nakugombeza ndani ya roho, wewe unadhani nimenyamaza. Sikunyamaza hata siku moja."

Ndani ya jeneza kukasikika kofi moja, taratibu.

Nasambu akacheka, kicheko cha msichana, akalalia mbao zile na kuendelea kumwambia mumewe mambo ya miaka yote. Dkt. Kiplagat aliingia, akawaonyesha kibao cha KIMYA ukutani, lakini kwa upole, kwa sababu walikuwa wamefiwa. Walipokuwa wakilitoa jeneza, Joy alizima kinasa sauti chake. Alikuwa amekiwasha tangu mwanzo.

Sauti ilihamia kwenye mkanda wa Joy, kwa kuwa ulikuwa mpya zaidi. Hifadhi iliupokea, ikaupa namba, na mwaka uliofuata ikafungua maonyesho yaliyoitwa "Mapenzi na Maombolezo Magharibi mwa Kenya". Watu walipanga foleni kusikiliza. Wengi walitoka wakifuta machozi, na wafadhili walisema hawajawahi kuona kazi iliyoifikia jamii kiasi hicho.

Nasambu alialikwa kuwa mgeni wa heshima. Alivaa kitenge kipya, akapewa kiti cha mbele na chupa ya maji. Mfadhili mmoja aliomba mama aseme machache kuhusu mume wake, na Nasambu akasimama.

Dkt. Kiplagat alishika kipaza sauti na kuomba radhi kwa niaba yake. Mama angependa sana kusema, alieleza, ila sauti yake iko kwenye maonyesho hadi Desemba.

Nasambu akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akaketi, na programu ikaendelea.