Hotuba Mbili za Mzee

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye miayo. Rais wa nchi jirani alipiga miayo mbele ya kamera wakati Mzee wetu akihutubia mkutano wa marais, tena si miayo ya kuficha kwa kiganja, ni ile ya kuonyesha mpaka magego. Magazeti yatakwambia habari ya askari wetu waliokamatwa mpakani. Hao walishaachiwa siku ile ile, na chai wakapewa. Mzee hakusahau miayo.

Hotuba ile niliiandika mimi, na kusema kweli ilistahili miayo.

Basi akaniita ofisini kwake, akaniagiza hotuba mbili: moja ya vita, moja ya amani. "Nitazisoma zote, mama," alisema. "Itakayonikaa vizuri mdomoni ndiyo nitakayoitoa jioni."

Waziri wa ulinzi alikohoa tu. Hakuna aliyeshangaa. Miaka yote nimemwona mtu huyu akiamua mambo ya nchi kama anavyochagua tai.

Mimi nilikuwa na langu. Kitindamimba wangu ni koplo, na kikosi chake kilikuwa kimejilaza juu ya mabegi uwanja wa ndege, kikingoja amri. Asubuhi alinipigia simu. "Mama, si uko karibu na mkubwa? Tunakwenda au hatuendi?" Nikamwambia ale ashibe, mengine aniachie mimi.

Nikajifungia. Ya vita niliiandika kwa makusudi mabaya: sentensi ndefu zisizo na pa kupumulia, takwimu, vifungu vya mikataba. Mzee anapenda sentensi fupi, apige meza. Ya amani nikaimwagia kila nilichojaliwa. Niliweka mahali pa kupiga meza, mahali pa kunyamaza, mahali pa kuvua miwani. Mwisho nikaandika: "Usiku wa leo, hakuna mama atakayemlilia mwanawe." Hapo nililia mwenyewe, wala sikuona haya.

Alianza na ya vita, amesimama mbele ya kioo. Ulimi ukamkwama, jasho likamtoka, akaitupa mezani. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akaishika ya amani. Akapiga meza panapopigwa. Akavua miwani. Alipofika mwisho sauti ilimtetemeka, na waziri wa ulinzi, mtu mzima na nishani zake, akatoa leso.

"Hii sasa ndiyo hotuba," Mzee alisema. "Hii hata yule bwana wa miayo hawezi kuilalia."

Moyo wangu ulishafika nyumbani, unampikia mtoto.

Mzee akajitazama tena kwenye kioo, akaiweka sawa kola. "Ila haitolewi hivi hivi. Nikiisoma leo watasema nimeogopa. Maneno kama haya yanataka mtu aliyeshinda." Akamgeukia waziri. "Waende. Wakimaliza kazi huko, ndipo nitaisoma."

"Mheshimiwa," nikasema, "mwanangu yumo kwenye kikosi hicho."

"Najua, mama. Ndiyo maana umeandika kwa uchungu." Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Itunze, usiguse hata neno. Ila hapo juu, baada ya salamu, acha nafasi ya majina ya mashujaa wetu watakaokuwa wameanguka."

Nilimuuliza nafasi kubwa kiasi gani. Kazi ni kazi.

"Ya kutosha tu," alisema, akaanza kutafuta tai ya jioni.