Chini ya Saa ya Hallenbeck

Paulette alipopiga simu kusema mama yake ametoka nyumbani bila koti, Andrew Hruska alikuwa anakunywa kahawa. Aliimaliza. Tangu amzike mkewe mwezi wa Aprili, habari mbaya zilimfikia kama kelele za nyumba ya jirani.

"Mjomba, unanisikia? Theluji imeanza, na mama hajui hata huu ni mwaka gani."

"Nimekusikia. Hakusema anakwenda wapi?"

"Tangu asubuhi ananiambia leo ni siku ya kununua zawadi, eti mimi namchelewesha."

Andrew akajua. Zamani, kila Desemba, baba yao akishapokea ujira wa kiwanda cha chuma, mama yao aliwavalisha yeye na dada yake soksi mbilimbili akawapeleka katikati ya mji, kwenye duka la Hallenbeck. Mlangoni alirudia sharti moja kama sala: atakayepotea akasimame pale kona, chini ya saa kubwa ya shaba, asibanduke mpaka afuatwe. Hapakuwa na mtoto katika mji wao wa Youngstown asiyelijua sharti hilo. Dada yake Ludmila, mama yake Paulette, ndiye aliyepotea mara nyingi zaidi, maana madirisha yenye vikaragosi vya kutikisa vichwa yalimteka. Kila mara walimkuta chini ya saa, pua nyekundu, amenuna, akiwagombeza wao kwa kupotea.

Akawasha gari akaifuata saa.

Hallenbeck lilikuwa limefungwa miaka mingi, na saa yake ikahamishiwa kwenye jengo jipya la maduka nje ya mji. Sasa ilining'inia juu ya watu waliokuwa wakila viazi vya kukaanga. Chini yake Baba Krismasi wa kukodiwa alikuwa amevua ndevu, anapumzika.

"Mzee, foleni ya watoto iko kule," akasema. "Au umekuja kuniomba meno?"

"Namtafuta dada yangu. Mvi tupu, sweta ya kijani."

"Mwezi huu wa Krismasi nani hajavaa kijani, mzee wangu? Hapa hajapita. Pole."

Andrew akaitazama saa. Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Ilikuwa saa tu, tena inachelewa. Ndipo akatambua kosa lake: habari ya kuhamishwa kwa saa aliisoma yeye gazetini. Kwa Ludmila, saa haikuwa imekwenda popote.

Akarudi mjini taratibu, kwa sababu ya barafu. Madirisha ya Hallenbeck yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Pale kona, chini ya vyuma viwili vya kuning'inizia saa vilivyobaki ukutani, dada yake alisimama amevaa viatu vya nyumbani, theluji mabegani, midomo imeingia rangi ya samawati.

"Ulikuwa wapi, wewe?" akauliza. "Nimesimama hapa mpaka miguu imekufa."

"Kwenye treni za kuchezea, dada."

"Siku zote treni. Kichwa kama boga. Mama atakuchapa."

Andrew akavua koti akamvika. Gari lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, lina joto.

"Twende garini, dada. Utaugua."

"Siendi. Tuliambiwa tusibanduke."

Akamshika mkono; Ludmila akauchomoa. Andrew alifikiri kumwambia kwamba mama yao ana miaka arobaini kaburini. Maneno hayo yalikuwapo mdomoni, hayana uzito wowote. Akayaacha.

"Asibanduke nani?" akauliza.

"Aliyepotea."

"Wewe umepotea?"

Ludmila akamtazama kwa dharau ileile ya utotoni. "Mimi? Wewe ndiye unayepotea. Kila mwaka tunakutafuta wewe."

"Haya. Basi umenipata. Nipeleke."

Ludmila akawaza kidogo, theluji ikimwangukia kwenye kope. Kisha akamkamata mkono kwa nguvu, kama wakamatwavyo watoto watundu, akamvuta kuvuka barabara huku akimsema. Andrew hakuvihisi vidole vya dada yake, wala vyake mwenyewe. Alimfuata tu.