Mtungi Uliovuka Ukuta

Katika kijiji kizima hakuna aliyejua kutunza siri kama Bi Evanthia. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe, dukani, kanisani, na kwa muuza samaki, kila alipokuwa akiwahadithia siri yenyewe.

Siri ilikuwa hii: akichimba shimo la choo, jembe lilitoa vigae vyeusi vya mtungi, vilivyochorwa watu wa rangi ya udongo. Kimoja kilikuwa na mwanamume uchi, mwenye mkia wa farasi, anacheza huku kashika kikombe. Bi Evanthia alijiziba macho, kisha akachungulia tena.

Na choo kilitakiwa upesi. Mkwewe wa mjini Patra, aliyejifungua juzijuzi, alishasema wazi: hamleti mjukuu kwenye nyumba ambayo watu wanajisaidia nyuma ya mtini. Nao watu wa mambo ya kale wakisikia kigae, jembe linawekwa chini. Nyumba ya padri waliizuia isijengwe tena, kuta zikiwa kiunoni. Mpaka leo humo wanaishi mbuzi.

Basi saa ya usingizi wa mchana, kijiji kikikoroma, akavirusha vigae vyote ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yake Zisis. Kesho yake akavikuta vimerudi, vimekuja na wenzao ambao hakuwahi kuwaona. Kumbe Zisis naye anachimba stoo ya divai! Akavirusha. Vikarudi vimezidi kuvunjika. Mtungi ule haukuwahi kutembea hivyo tangu ufinyangwe. Kuku wa pande zote mbili wakaacha kutaga.

Muuza samaki naye alikuwa hodari wa kutunza siri. Ijumaa akaja binti wa mambo ya kale, kofia pana kichwani, saa ile ile ya usingizi, ambayo mwenye adabu habishi hodi kwa mtu.

"Samahani, mama. Nasikia umepata vigae."

"Mimi? Mwanangu, humu hakijavunjika hata kikombe."

"Ni vya mtungi wa kale. Wazee wetu walichanganyia humo divai na maji."

"Maji!" Bi Evanthia akajishika kifua. "Basi si wa kwetu huo. Ukoo wangu haujawahi kumtilia mtu maji kwenye divai. Kaulize kwa Zisis, baba yake alikuwa na kilabu."

Binti akacheka, akaanza kufunga mkoba wake. Bi Evanthia, kuona mambo yananyooka, akaongeza chumvi: "Naapa kwa roho ya mama yangu, tangu nizaliwe sijaona kigae chenye picha."

Kikaja kigae kinazunguka hewani, kikatua puu! juu ya kofia ya binti.

"Upepo wa kusini huo," akasema Bi Evanthia. "Majira haya unaokota kila kitu."

Ng'ambo ya ukuta ikapaa sauti ya Zisis: "Evanthia wee! Mchukue mwanamume wako wa mkia! Jana umenirushia miguu, leo umenirushia kichwa! Mimi nina mke humu ndani!"

Binti akakitoa kigae kofiani, akakipangusa taratibu.

"Upepo huu, mama," akasema, "unakujua mpaka jina."