Karibu Siku Moja, Karibu Alhamisi

Naapa kwa magoti yangu haya mawili, yaliyochakaa kwa kupeleka barua milimani miaka thelathini na minane: hili ni kweli tupu, halina chumvi hata ya kuonja.

Hapa Skelbeck, kijiji chetu cha Yorkshire, mtu akikwambia, "Karibu chai siku moja," usiende. Hajakualika, anakuaga kwa adabu. Lakini akikwambia, "Karibu chai Alhamisi saa kumi," vaa tai, maana keki imeshaingia jikoni. Hata mtoto anayenyonya hapa analijua hilo. Na kulijua huko ndiko nusura kummalize Clifford Haigh.

Clifford alikuwa mgane, fundi wa paa mstaafu. Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi Bibi Tordoff, mjane mwenye kicheko cha kufukuza ukungu. Kwa miaka kumi na mmoja walisalimiana pale uani kila asubuhi, na kila asubuhi Bibi Tordoff alimalizia, "Lazima uje chai siku moja, Bwana Haigh."

"Na wewe pia, siku moja," Clifford hujibu, kisha huingia ndani kunywa chai yake peke yake, akilitazama buli. Siku moja! Angekuwa ananitaka, alijiambia, si angetaja siku? Hakuwahi kufikiri kwamba huko ng'ambo naye mwenziwe alikuwa akijiuliza hayo hayo.

Basi Jumatatu moja Bibi Tordoff akasema, "Dada yangu anataka nihamie kwake, pwani. Ijumaa nampigia simu kumpa jibu."

Moyo wa Clifford ukadondoka mpaka kwenye buti. Akafungua mdomo. "Huko kuna upepo mzuri," akasema.

Upepo mzuri! Usiku ule alijitukana kwa matusi yote ya mafundi wa paa. Dawa aliijua: kumuuliza, "Siku gani?" Lakini Skelbeck hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Ni sawa na kumuuliza mwanamke uzito wake mbele ya kasisi. Akijibiwa, "Aa, nilisema tu," itabidi ahame kijiji yeye.

Jumanne akafika uani, akakohoa, akarudi. Jumatano akafika tena. Konokono akatoka bustanini kwake, akavuka ua, akala kabichi nzima ya Bibi Tordoff, akarudi nyumbani kupumzika, na Clifford bado anakohoa.

"Una mafua, Bwana Haigh?"

"Hapana, mama."

"Haya. Kabla sijaondoka, lazima uje chai siku moja."

Clifford akashika michongoma kwa mikono miwili, miiba ikaingia, hakuisikia. "Siku gani?" akanguruma.

Jamani! Mimi nilikuwa langoni na mkoba wangu wa barua, nilisikia kwa masikio yangu. Kengele ya kanisa ikalia yenyewe. Kondoo wa mlima mzima wakaketi chini. Bibi Tordoff akawa mwekundu kama biringani iliyoona haya, akasema, "Kesho. Saa kumi." Na Ijumaa dada wa pwani akajibiwa hapana.

Nilikuwa nasimulia hivyo hivyo baani Jumamosi iliyopita, watu wananiitikia vizuri, mara nikasikia kicheko nyuma ya kiti changu.

"Biringani si nyekundu, Stanley," akasema Winifred Haigh, aliyekuwa Bibi Tordoff. "Na hakuuliza lolote. Alisema mvua inakuja. Mimi ndiye niliyemwambia, 'Clifford, kesho saa kumi, na ukichelewa nahamia pwani.' Wewe wiki ile ulikuwa Leeds kwa binti yako. Barua zetu alizileta yule msichana mwenye baiskeli."

Clifford, kando yake, akaangalia glasi yake. "Nilikuwa karibu kuuliza, Winnie."

"Miaka kumi na mmoja ulikuwa karibu, mpenzi wangu," akasema, akamfuta povu la bia mdomoni kwa kidole gumba.

Na sheria ya baa yetu ni moja: anayekamatwa na uongo huwanywesha wote. Nikainuka na magoti yangu, nikaenda kaunta. Walikuwa tisa, na mbwa wa mwenye baa naye akaja kukaa foleni.