Bei Aliyoijua Jirani

Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya tu. Nilikuwa nikiuza gauni la shule kwa mia tisa. Kesho yake fundi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Punguzo, akaandika kwenye ubao wake mia nane na themanini. Nikashuka hadi mia nane na hamsini. Kulipokucha, yeye mia nane na thelathini. Hapo nikajua yuko mtu anayemnong'oneza.

Na bei zangu mpya, kabla sijafungua duka asubuhi, tulizijua wawili tu: mimi na wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anayepokea wateja mlangoni huku amempakata mwanangu.

Nikaanza kumchunguza. Akicheka kwenye simu, nasikiliza. Akitumwa uzi akachelewa, nahesabu dakika. Siku moja nikamwona amesimama na Punguzo.

"Mlikuwa mnaongea nini na yule?"

"Ameuliza kama mtoto ameota meno."

"Tangu lini meno ya mwanangu yanamhusu?"

"Wifi, siku hizi hata salamu inatozwa ushuru?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na nilishaamua: nikimkamata anarudi kwa mama mkwe, hata kama nitashona na mtoto mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi Alhamisi nikamtegea. "Kuanzia kesho gauni ni mia saba," nikamwambia.

"Mia saba? Tutakula vifungo?"

Nikangoja aende kumbembeleza mtoto. Bei ya kweli, mia nane, safari hii niliiandika mwenyewe kwenye vikaratasi, pamoja na jina na urefu wa kila mtoto, nikavibana kwa pini kwenye magauni sita. Kisha nikayapeleka kwa mtoboa matundu ya vifungo. Mashine hiyo ni yake peke yake mtaani, mafundi wote tunakwenda kwake.

Ijumaa nikawahi kuliko wifi, nikavuka barabara kuusoma ubao. Nilitarajia mia sita na themanini.

Mia saba na themanini.

Nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Mia nane wifi hakuisikia. Walioijua ni mimi na vile vikaratasi. Miguu ikanipeleka kwa mtoboa matundu. Magauni yangu yalikuwa yananing'inia kwenye kamba, na benchi la wateja liko chini yake.

"Punguzo huleta kazi saa ngapi?"

"Jioni, baada yako. Hukaa hapo kwenye benchi akisubiri. Anaipenda kazi yako yule, huigeuzageuza!"

"Na vikaratasi anavisoma?"

Akakuna kichwa. "Sasa mama, si umevibandika mwenyewe?"

Kifurushi cha Punguzo kilikuwa hapo hapo. Nami nikageuza gauni lake: pindo la kidole kimoja. Langu huwa vidole vinne.

Nilimweleza wifi yote, hata mtego. Alimhamisha mtoto bega.

"Kwa hiyo ulitaka kunirudisha kwa mama."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Kwanza tupige hesabu. Msamaha utafuata."

Tukahesabu kitambaa, uzi, vifungo, matundu, umeme. Kisha saa zangu za kushona, ambazo sikuwahi kuzihesabu. Kisha za kwake. Ikafika mia tisa na hamsini. Nikasita kuiandika mlangoni, wifi akaninyang'anya chaki, akaandika yeye.

Mteja wa kwanza, mama aliyekuja na binti zake wawili, akaruka. "Ng'ambo ni mia saba na themanini!"

Wifi akamgeuzia pindo. "Weka vidole, mama. Mtoto akirefuka, hili unalishusha. Gauni la kule, unanunua jingine."

Yule mama akapima kidole kwa kidole. "Mia tisa, basi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikubali. Wifi akanitazama, jicho lile lile nililokuwa nikimtazama nalo mimi wiki zote.

"Mia tisa na hamsini," nikasema.

Mteja akatazama ng'ambo, akatazama pindo. "Haya, mpime huyu na dada yake."

Siku nzima wifi aliniita "fundi". Jioni nikamwekea mkononi ujira wa siku, wa kwanza tangu aje kwetu. Akautazama, akautia mfukoni.

"Na wa siku za nyuma, wifi?"