Mtu wa Mwaka wa Sukari

Simu ya Wanyama, mwenzake wa shirika la Mbale, ilimkuta Shamirah akinywa chai ofisini Nalufenya, Jinja, na chai hiyo hakuimaliza.

"Nyabo, wewe umemaliza mtu," Wanyama alisema bila hata salamu. "Ile habari ya magereza, hapa watu wanajua ni nani amesema."

"Watajuaje? Majina nimetoa yote."

"Majina umetoa. Mwaka ya kutahiri umeacha."

Mwaka huo wa 1998 mashirika ya utafiti yalikuwa yameingiwa na wazimu mpya ulioitwa mlango wazi. Ripoti zote za shirika zilikaa ndani ya kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Kila adhuhuri kompyuta za mashirika mengine, za Mbale, za Kampala, hata za Nairobi, zilipiga simu, zikachota lolote jipya na kwenda zao bila kubisha hodi kwa mtu. Wakubwa walilisifu jambo hilo mpaka povu likawatoka. Shamirah, mkusanyaji na mtunza taarifa, naye alilipenda, tusimsingizie. Ilikuwa raha kujua kazi yake inasomwa katika miji asiyowahi kufika.

Sasa alikisukuma kikombe kando. Askari magereza mmoja wa Mbale, Mgisu aitwaye Mafabi, ndiye aliyemweleza, kwa sharti la kufichwa, jinsi afande wake, Ojok, alivyouza posho ya wafungwa hadi wawili wakafa kwa njaa. Alipoulizwa umri, Mafabi alicheka: mwaka wa kuzaliwa haujui, ila yeye ni mtu wa Sukari. Wagisu huupa jina kila mwaka wa tohara, na wanaume waliosimama pamoja mbele ya kisu hulibeba mpaka kaburini. Kwa Shamirah, Msoga wa Walukuba, huo ulikuwa umri tu, kama kuandika arobaini. Akauandika, akaongeza na kijiji. Kwa Mgisu yeyote ilikuwa sawa na kubandika picha, maana katika kijiji kile mtu wa Sukari aliyekuwa askari magereza alikuwa mmoja tu.

"Afande Ojok ameiona?" aliuliza.

"Tuligawa kwa mkutano jana, kabla sijasoma vizuri. Na yeye alikuwa." Wanyama akashusha sauti. "Lakini huyo ni mtu ya Lira, huko hawatahiri. Mambo ya Sukari atajua wapi?"

Shamirah aliifuta ripoti kwenye kompyuta, huku akijua kwamba waliochota wameshachota, na milango yao nayo i wazi. Kisha akapanda basi la Mbale. Njia nzima alijikumbusha Lira, kana kwamba mtu wa Lira hana masikio, wala hana marafiki wa kumfafanulia. Aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya Mafabi, na kwa aibu aliogopa pia kwa ajili yake mwenyewe.

Kwenda kumuulizia kwenye kambi ya askari kungekuwa kumwonyesha kwa kidole, kwa hiyo Wanyama alimtumia Mafabi ujumbe afike kwake yeye Wanyama, mtaa wa Malukhu. Mafabi aliingia jioni amevaa sare ya kazi, viatu vimepigwa rangi vinang'aa. Wanyama alifunga mlango, akasimama dirishani akichungulia njia.

"Bwana Mafabi, nisamehe," Shamirah alisema. "Ni mimi nimekosa. Lakini huenda afande hajaelewa."

Mafabi alitikisa kichwa. "Asubuhi kwa parade ameniita. 'Wewe Sukari, kuja hapa.' Miaka yote niko na yeye, jina hiyo hajaniita hata siku moja. Halafu amecheka, amesema nirudi kwa laini."

Shamirah alichukua mkoba wake. "Basi twende Jinja. Sasa hivi. Kwetu Walukuba hakuna anayekujua."

"Zamu yangu inaanza sasa. Nikikosa, ni kama nimekubali ni mimi. Na bibi na watoto wako ndani ya kambi." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nyabo, ile ya wale wawili walikufa, iko bado?"

"Nimeifuta," Shamirah alijibu haraka, akidhani hilo angalau litamtuliza. "Na kesho nitapiga Kampala na Nairobi, nao wafute."

Uso wa Mafabi uliiva kwa hasira.

"Umefuta? Sasa mimi nilisema kwa nini? Toa kijiji. Toa Sukari. Wale wawili rudisha, watu wasome."

Wanyama aliguna dirishani. Shamirah aliuona ule mlango ukifunguka tena adhuhuri ya kesho, na afande akisoma.

Mafabi hakungoja jibu. Alivaa kofia, akatoka kwenda zamu. Shamirah alimfuata hadi kizingitini, na huko barabarani hakuthubutu kumwita kwa jina.